Hatua Moja Nyuma ya Dada

Rorya, 4 Februari 2024

Sengi Teodora,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo Misungwi goti limepoa, na mwanao Masele ameacha kukuachia ng'ombe wake uwaswage peke yako. Baba, kaka yako, nilimwacha Pasiansi hapo Mwanza mzima, analalamikia bei ya dagaa kama kawaida yake. Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyoniamuru, maana najua mtu aliyekaa dirisha la posta mpaka akastaafu hasadiki neno ambalo halikupita kwenye bahasha. Ila uwe na subira. Sanduku la barua la shule liko mjini wilayani, na Mwalimu Mkuu huenda huko mara moja kwa mwezi, tena akikumbuka.

Nimepewa darasa la saba, hisabati na sayansi. Shule iko mlimani, ziwa liko chini yetu, na upepo unaingiza harufu ya dagaa darasani mpaka saa nne. Watu wa hapa ni Wajaluo, wavuvi na wakulima. Watoto wananiita madam. Wananisalimia Kiswahili safi, wakigeuka tu wanarudi kwenye Kijaluo chao, nami nabaki natabasamu bila kujua kama nimesifiwa au nimechekwa.

Sasa sikia. Nimempata mtoto, sengi! Anaitwa Agutu, binti wa mvuvi mmoja, Mzee Ojuok. Ukiandika hesabu ubaoni, kabla hujaweka chaki chini yeye ameshaimaliza. Shule hii haijapeleka msichana sekondari kwa miaka kadhaa, na nimeapa huyu ataingia. Darasa hilohilo yumo dada yake wa baba mmoja, Favour, aliyemzidi umri kidogo. Favour ni mpole, mzito wa kuelewa. Chuoni walitufundisha kwamba mtoto hujifunza haraka zaidi kwa mtoto mwenzake, basi juzi nikampa Agutu chaki, nikamsimamisha Favour ubaoni, nikasema, "Mfundishe dada yako." Favour akakosea, Agutu akamsahihisha, darasa zima likapiga makofi. Favour alitazama miguu yake muda wote, lakini ni haya tu, itaisha. Nimemfanya Agutu kiongozi wa kundi lao, kila siku anamfundisha.

Nina furaha, sengi. Sikujua kazi hii ingenifurahisha hivi.

Binti yako,
Evelina


Misungwi, 25 Februari 2024

Evelina mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, bahasha haikuchanika, muhuri unasomeka. Goti lipo palepale. Masele amenunua dume jingine, kwa hiyo swali lako kuhusu ng'ombe limejijibu. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina Precious, na analia kwa sauti ya mtu mzima mwenye kesi mahakamani. Viazi tumevuna vizuri. Pamba tunamwachia Mungu.

Nimesoma habari za huyo Agutu nikamsomea na jirani. Hongera sana. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hivyohivyo, unajibu kabla swali halijaisha, mpaka marehemu bibi yako akasema mtoto huyu atameza ulimi. Mkazanie huyo binti, asikuponyoke.

Ila nikuulize kidogo. Umekwenda kwenye miji ya watu kusalimia? Mwalimu mgeni hukaribishwa, lakini huko kwao kunakaa mambo usiyoyaona darasani. Nenda ukanywe hata uji. Na ukikutana na kijana wa Kijaluo anayejua kula samaki bila kutema miiba, usiniletee mkwe kabla sijapona goti, sitaweza kucheza harusini.

Sengi yako,
Teodora


Rorya, 17 Machi 2024

Sengi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Precious, mwambie mkewe Masele nitaleta nguo. Mvua za huku zimeanza. Mimi ni mzima wa mwili.

Agutu ameacha kusema. Namuuliza swali, anasimama, anatazama ukuta. Chaki nikimpa anaishika tu. Mwanzo nilidhani anaumwa, halafu nikadhani ni kiburi. Nikamkaripia, Mungu anisamehe. Hakulia, alisubiri tu nimalize.

Mwisho nikamuuliza Mwalimu Owiti, anayefundisha darasa la nne. Ni mzaliwa wa hapahapa. Akaguna, akasogeza kiti chake karibu. Akasema, "Madam, wewe unajua Favour ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia, wa Ojuok.

"Wa Ojuok na mke mkubwa. Agutu ni wa mke mdogo. Sisi hapa kila kitu kina mtangulizi. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa, haoi kabla ya mkubwa. Hata kupanda shambani, mke mkubwa ndiye anaanza kutia mbegu, ndipo mke mdogo naye anaingia. Sasa wewe umemsimamisha mtoto wa mke mdogo, mbele za watu, amfundishe mtoto wa mke mkubwa. Na kila siku."

Nikasema, lakini hiyo ni hesabu, si shamba.

"Hakuna sheria inayokataza mtoto asishinde darasani," akasema. "Mama Favour mwenyewe hakuja kulalamika. Ameacha tu kula chakula cha jiko la Mama Agutu. Na hajapanda."

Sikumwelewa, ikabidi anieleze tena. Mvua imeanza, watu wote wako mashambani, na mke mkubwa amekaa mlangoni kwake na mbegu zake kwenye kikapu. Asipopanda yeye, Mama Agutu hawezi kupanda. Hata akifa njaa hawezi. Mzee Ojuok yuko visiwani kwenye kambi ya uvuvi.

Nikamuuliza Owiti mbona hakuniambia tangu mwanzo, maana darasa lake na langu tunasikilizana kupitia ukutani. Akasema, "Lilikuwa darasa lako." Hata yeye ana utaratibu wake wa nani amwambie nani.

Nimewaondoa kwenye kundi moja. Haijasaidia. Sengi, nifanyeje? Nataka kwenda kuomba radhi nyumbani kwao, lakini sijui niende na nini, wala nianze na neno gani. Nijibu upesi, Mwalimu Mkuu anakwenda mjini wiki ya Pasaka.

Evelina


Misungwi, 26 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kwetu wote wazima. Sitaki kupoteza wino kwa salamu, maana kijana anayekwenda mjini amesimama hapa mlangoni anahema.

Nenda. Usitume mtu, usimngoje huyo mzee wa visiwani. Sisi tukimkosea mtoto wa mtu tunakwenda kwa mama yake aliyemzaa. Chukua sukari, chukua na kitenge kizuri, si hivi vya kuchuja rangi. Mfikie Mama Agutu nyumbani kwake, upige goti, useme, "Mama, nimemtwisha mwanao mzigo usio wake." Usiongeze neno. Mama akipokea, mtoto atapona.

Wala usiogope. Mtu ni watu, na akina mama ni wale wale kila mahali.

Teodora


Rorya, 12 Mei 2024

Shikamoo sengi.

Natumaini mko wazima. Baba alinipigia simu, akasema pamba imechanua vizuri.

Nilikwenda. Nilinunua kitenge cha kijani, kizuri, na sukari. Mji wa Mzee Ojuok una nyumba mbili. Ukiingia, ya kwanza iko katikati, inatazamana na lango, na ya pili iko pembeni kushoto. Kwenye ile ya katikati alikaa mwanamke mnene kwenye kigoda, akichambua mtama. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamuuliza, "Samahani mama, kwa Mama Agutu ni wapi?" Akanionyesha kwa kidole. Nikamshukuru, nikapita mbele yake na kitenge changu mkononi.

Nadhani umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilipiga goti kwa Mama Agutu, nikasema yale maneno yako. Yule mama hakutazama kitenge. Alikuwa anatazama mlangoni, kule nilikotoka. Akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Mwalimu, toa hii. Tafadhali toa. Yeye ameona." Nilidhani ni adabu ya kukataa kidogo kabla ya kupokea, kama kwetu, nikamwekea mapajani.

Nimelirudia kosa lilelile, sengi, kwa mikono miwili na kwa kupiga goti. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Favour. Niliupita.

Kesho yake Mama Favour alizimwaga mbegu zake kwa kuku. Mvua ikanyesha hivihivi juu ya mashamba ya nyumba zote mbili. Nilimwomba Owiti aende akazungumze, akasema yeye kwa ukoo ni mdogo kwa Ojuok, hawezi kuingia kati ya wake zake. Mwalimu Mkuu akasema mambo ya ndani ya miji ya watu si mtaala. Nilikaa chumbani nikalia, kwa sababu kila mtu niliyemwendea alikuwa na sababu nzuri.

Aliyemaliza ni Agutu mwenyewe. Tulifanya jaribio la mwezi wa nne. Nilikuwa nasimamia, nikamwona. Hakuwa anaandika. Alikuwa anatazama mkono wa Favour. Favour akiandika, naye anaandika kidogo. Favour akikwama, anangoja. Favour alipoweka kalamu chini, naye akaweka yake. Niliposahihisha, Favour alikuwa wa kumi na mbili toka mwisho, na Agutu alikuwa anayemfuata kwa chini. Yule mtoto! Karatasi zikapelekwa nyumbani kama kawaida. Wiki hiyohiyo Mama Favour akaazima mbegu, akaingia shambani, na Mama Agutu akapanda baada yake. Wamechelewa sana, ila wamepanda.

Hakuna aliyemwagiza, sengi. Niliuliza. Nilimwita pembeni nikamwambia, "Agutu, wewe unaweza." Akasema, "Ndiyo madam." Nikamwambia, basi fanya unavyoweza. Akasema, "Ndiyo madam." Na jaribio lililofuata lilikuwa vilevile.

Ulisema akina mama ni wale wale kila mahali.

Evelina


Rorya, 30 Juni 2024

Sengi, shikamoo.

Sijapata barua yako. Nilimuuliza Mwalimu Mkuu mara mbili kama alitazama vizuri kwenye sanduku, akachukia. Baba anasema uko mzima, mko kwenye kuvuna pamba. Sawa.

Kama umekasirika kwa ile sentensi yangu ya mwisho, niambie. Au usiniambie, niandikie hata habari za kuku.

Mimi nimepata njia. Nimeifikiria tangu likizo. Agutu hawezi kumpita dada yake, mimi siwezi kumfanya ampite, na mtihani ni Septemba. Basi nitampandisha Favour. Favour akipanda, na mdogo wake nyuma yake atapanda. Kila jioni nakaa naye. Nilikwenda kuomba ruhusa, na safari hii nilisimama mlango wa kwanza mpaka nikaambiwa kaa. Mama Favour alinipa uji. Nimejifunza kitu kimoja mwaka huu, ndicho hicho, kusimama mlango wa kwanza.

Favour anajitahidi mpaka unamwonea huruma. Sehemu na desimali zinamtoa jasho. Jana aliniuliza, "Madam, kwa nini mimi?" Nikamwambia kwa sababu anaweza. Akasema, "Ni ili Agutu asogee." Sikujua kwamba anajua. Kumbe wote wawili wanajua, na wanalala kitanda kimoja, na hawajawahi kulizungumza.

Niandikie.

Evelina


Misungwi, 11 Agosti 2024

Evelina,

Marahaba. Hatujambo. Pamba imeuzwa. Precious ameota jino, amemuuma baba yake, na mimi nimefurahi. Jirani yetu Ndalahwa amehamia Bujora kwa mwanawe, naona upweke jioni.

Sikukasirika. Nilianza barua mara kadhaa nikazichana. Kazi yangu yote ilikuwa kupokea barua za watu na kuzipeleka zinakoandikiwa, na hii ya kwako nilikupa anwani isiyo yake. Nilikuambia ya kwetu kwa sauti ya mtu anayeijua dunia. Mimi Rorya sijafika, mwanangu. Jaluo ninayemjua ni yule fundi viatu wa stendi. Mkubwa ni jalala, wanasema, basi nitupie na hili, nitalibeba.

Hili la kumfundisha Favour sitakupa ushauri. Nimeogopa. Nitakuombea tu, na ujue kwamba ninaomba kwa ajili ya wote wawili, maana na huyo mkubwa ni mtoto wa mtu.

Jitunze. Unakula?

Teodora


Misungwi, 8 Desemba 2024

Mwanangu Evelina,

Hapa salama. Nasikia kwa baba yako kwamba matokeo ya darasa la saba yalitoka tangu Oktoba. Kwako sijapata hata mstari. Simu yako nayo ikiita unasema mtandao mbaya. Mimi nilikaa kwenye simu na barua maisha yangu yote, najua mtandao mbaya na najua mtu anayelia.

Sikuulizi wamepata ngapi. Nakuuliza wewe.

Sikukuu hii njoo. Tutachinja.

Teodora


Rorya, 12 Januari 2025

Sengi yangu,

Shikamoo. Unisamehe Krismasi sikuja. Nilimwambia baba nina malaria. Sikuwa nayo. Nilishindwa tu kukaa mezani niulizwe habari za shule.

Favour amefaulu.

Amefaulu kwa kugusa, juu kidogo tu ya mstari wa kufaulu, lakini amefaulu, amechaguliwa sekondari yenye hosteli. Msichana wa kwanza wa shule hii kwa miaka yote hiyo. Agutu hakufaulu. Alama yake iko chini ya mstari, chini kidogo tu ya dada yake, palepale anapokaa siku zote. Kurudia darasa hakuruhusiwi. Shule za kulipia ziko Musoma na Mwanza, na Mzee Ojuok anasema hawezi kumpeleka wa mke mdogo shule ya kulipia wakati wa mke mkubwa yuko ya serikali. Sikubishana naye. Nilishajua atasema hivyo, na nilijua kwamba kwa upande wake ana haki.

Siku matokeo yalipotoka walikuja nyumbani kwangu na vigelegele. Mama Favour alitangulia na kuku, nyuma yake Mama Agutu na unga, na yeye pia alipiga vigelegele, sengi, nilimtazama mdomo. Mzee Ojuok alileta sato mkubwa amemfunga kwa kamba. Akanishika mkono akasema, "Madam, ulipokuja hukuijua nchi hii. Sasa wewe ni mwalimu wetu." Mwalimu Mkuu ameandika barua ya pongezi kwa afisa elimu. Owiti alikula yule sato pamoja nami, akala kimyakimya, na alipomaliza akaosha sahani zote mbili, yeye mwanamume mzima. Nadhani ndivyo alivyoniambia pole.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani nini? Kila mtu hapa ana furaha, na furaha yenyewe ni ya kweli, na Favour aliipata kwa jasho lake.

Jana ndiyo alikuwa anaondoka. Sikutaka kwenda, lakini asingeondoka bila kuagwa na mwalimu wake, kwa hiyo nilikwenda. Nilisimama mlango wa kwanza. Agutu alitoka ndani anavuta sanduku la dada yake, amevaa kanga ya mama yake kiunoni kama mtu mzima. Amekuwa mrefu. Nilimwita pembeni. Nilikuwa nimejiapiza sitamuuliza, nikamuuliza.

Nikamwambia, "Siku ya mtihani mlikaa mbalimbali. Hukuweza kumwona anavyoandika."

Akasema, "Sikuweza, madam. Nilikadiria."

"Ulikadiria nini?"

Akatazama chini. Halafu akanitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu Februari ile nilipompa chaki. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtoto anayeonyesha mahali alipokosea hesabu yake.

"Sikujua kama atafika kwenye kufaulu, madam. Ulimfundisha vizuri kuliko nilivyofikiri. Ningejua anafika, na mimi ningesogea."

Gari lilikuwa limeanza kupiga honi. Nilimwambia akamshikie dada yake sanduku.

Evelina wako